Mdaa, Rangi za Unga na Maganda ya Vitunguu

Nilipokuwa mdogo, kusini Unguja, rangi nyeusi ya mkeka haikununuliwa, ilichimbwa. Bibi akiingia maweni na jembe, akirudi na mizizi ya mdaa. Aliiponda, akaichemsha na chane za ukindu mpaka maji yakawa kahawia nzito, kisha akazilaza chane kwenye tope la mikokoni. Chuma kilichomo topeni kikikutana na tanini za mizizi, weusi hukolea. Njano ilitoka kwenye manjano ya jikoni, akitia na shabu ili rangi ishike. Wavuvi nao walichemsha magome ya mkoko na kutumbukiza nyavu zao za pamba zisioze upesi, hadi nailoni ilipowaondolea kazi hiyo.

Kisha zikaenea rangi za unga za dukani. Chanzo chake ni mbali: mwaka 1856, jijini London, kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini akaambulia rangi ya zambarau. Mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ikaanza kuuza nili ya kiwandani, na mashamba ya nili ya India yakaporomoka.

Mama alizipenda rangi hizo, wala simlaumu. Kazi ya siku mbili ilikwisha kabla wali haujaiva, tena alipata kijani na waridi ambazo bibi hakuwahi kuzipata. Maji yaliyobaki yalimwagwa nyuma ya jiko bila mtu kuuliza yanaelekea wapi. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku baadhi ya rangi za kiwandani ziitwazo azo kwenye nguo, kwa kuwa huweza kutoa kemikali zinazosababisha saratani.

Leo wasukaji vijana wananiuliza habari za mdaa, maana wanunuzi wanataka rangi za asili. Nawaambia wasikimbilie jembe. Mdaa ukimalizwa mizizi umekwenda, na mkoko uliobanduliwa gome pande zote hufa. Tuchukue maarifa ya bibi, tubadilishe malighafi. Maganda ya vitunguu yakichemshwa na shabu hutoa njano ya dhahabu. Maganda ya komamanga yana tanini tele. Yakikutana na maji ya misumari yenye kutu huleta kijivu kizito. Sokoni maganda hayo ni taka. Msukaji achukue gunia, akayaombe.