Kwa Miguu katika Mlima Elgon

Mto upitao Malakisi hushuka kutoka Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba. Atakaye kuutembea mlima huo kwa miguu hupitia Kitale, akaingia Mbuga ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1968, akaongozwa na askari wa wanyama.

Fahari ya safari ni pango la Kitum. Humo ndovu huingia usiku, wakipapasa njia kwa mikonga, wakachimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Majangili waliwaua wengi katika miaka ya 1980. Tena wageni wawili waliozuru pango hilo, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, walikufa kwa homa ya Marburg, ugonjwa uchukuliwao na popo.

Basi mgeni mwenye busara humsikiliza kiongozi: akiambiwa asiingie, haingii.