Kutoka Kutofungwa Hadi Nne Bora

Shabiki mmoja wa Arsenal, mzaliwa wa Magomeni, alikuwa kidato cha pili mwaka 2002, kocha Arsène Wenger alipotamka kwamba timu yake inaweza kumaliza msimu mzima wa ligi bila kufungwa. Magazeti ya Uingereza yalimcheka. Msimu wa 2003/04 ulipokwisha, Arsenal ilikuwa imeshinda mechi 26, imetoka sare 12, haijapoteza hata moja. Kwenye kibanda umiza alikokuwa akibanana na wenzake, wenye timu nyingine walinyamaza wenyewe.

Miaka kumi baada ya kauli ile, kocha huyohuyo alisema kumaliza ndani ya nne bora ni sawa na kutwaa kombe.

Hapo katikati palijengwa uwanja. Mwaka 2006 Arsenal ilihama Highbury, uliochukua watu wapatao 38,000, ikahamia Emirates wenye viti 60,000 hivi, uliogharimu takriban pauni milioni 390. Deni lilipaswa kulipwa, na shabiki yule alilielewa hilo. Wenger aliendesha timu kwa chipukizi na bado akaifikisha Ligi ya Mabingwa kila mwaka; waliokuja kumzomea walisahau upesi. Mwaka 2011 waliondoka Cesc Fàbregas na Samir Nasri, na Agosti hiyohiyo timu ikapigwa 8-2 na Manchester United uwanjani Old Trafford. Mwaka uliofuata nahodha Robin van Persie, mfungaji bora wa ligi, akauzwa kwa Manchester United haohao. Akawafungia mabao 26, wakawa mabingwa.

Mmiliki wa Arsenal, Stan Kroenke, ana fungu lake la lawama. Ila mchezaji haamki asubuhi kumsikiliza tajiri aliyeko Marekani. Anamsikiliza kocha, na kocha akishatangaza kuwa nafasi ya nne ni mafanikio, nani atajiua uwanjani kutafuta ya kwanza?

Msimu wa 2015/16 ndio unaomuuma shabiki yule mpaka leo. Deni halikuwa tena kisingizio: Mesut Özil alishanunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 40, na Alexis Sánchez akamfuata. Vigogo wote waliyumba msimu huo. Lakini katika usajili wa kiangazi Wenger alimleta kipa Petr Čech, basi. Hakununua beki, kiungo wala mshambuliaji kwa ajili ya kikosi cha kwanza. Arsenal iliifunga Leicester City nyumbani na ugenini, kisha Leicester hao wakatwaa ubingwa kwa tofauti ya pointi 10 juu ya Arsenal iliyoshika nafasi ya pili.

Mwaka 2017 hata nne bora ikaponyoka, kwa mara ya kwanza tangu Wenger afike mwaka 1996. Aliifunga Chelsea fainali ya Kombe la FA, klabu ikamwongezea mkataba wa miaka miwili. Alitumikia mmoja, akamaliza wa sita, akaondoka Mei 2018.