Nilikuwa Nasoma

Mamangu amezungumza Kiitaliano miaka 19 bila kugeuza kitenzi hata kimoja. Anampikia mzee mmoja Mwitaliano hapa Malindi, na jikoni mle kila kitenzi hubaki vile kilivyo kwenye kamusi: io cucinare, tu mangiare, domani io non venire. Mimi kupika, wewe kula, kesho mimi kutokuja. Na wanaelewana kabisa. Malindi ndivyo ilivyo. Waitaliano walianza kurusha setilaiti kule Ngomeni mwaka 1967, watalii wao nao wakaja, na lugha yao tukaiokotea ufuoni na sokoni.

Mimi nimeianza kwa majedwali. Niliporudi nyumbani Januari, nilimwambia mama wahadhiri wamegoma. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha chuo tangu Septemba, mwaka wa tatu. Nikawa naandikia watu makala mtandaoni, na mteja mmoja akataka mtu anayesoma Kiitaliano. Nikasema najua. Usiku huo nikaanza kujifunza.

Parlo, parli, parla. Sisi Waswahili nafsi tunaiweka mlangoni: nasema, unasema, anasema. Wao wameificha mkiani. Ukisema parlo, ile o ishakutaja.

Hiyo nilizoea haraka. Kilichoninyima usingizi ni wakati uliopita, maana wanao zaidi ya mmoja. Kuna ho studiato: nilisoma, nikamaliza shughuli. Halafu kuna studiavo: nilikuwa nasoma. Hii haisemi uliishia wapi. Niliipenda mno, na nilijua kwa nini.

Jumamosi moja mwezi wa Machi nikampelekea mama simu aliyoisahau nyumbani. Mzee alikuwa barazani na gazeti lake.

"Studi ancora?" akaniuliza. Bado unasoma?

Ningejibu sì, studio, na mambo yangeishia hapo. Lakini mdomo ukatoa kile nilichokuwa nakariri kila usiku.

"Studiavo."

Mzee akatikisa kichwa, akarudi kwa gazeti. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la samaki. Hakusema kitu.

Jioni, ndani ya tuktuk, akaniuliza, "Mbona ulimwambia studiavo?"

"Mama, wewe hata huitumii hiyo."

"Siitumii, lakini naisikia. Mkewe alipokuwa hai, mzee alikuwa akiniambia signora mangia, signora anakula hiki. Alipofariki akaanza mangiava. Samaki huyu, signora mangiava. Hakuna aliyenifundisha maana yake."

Nikaangalia barabara.

"Tangu lini?"

"Septemba."

"Na karo niliyotuma Januari?"

"Imebaki nusu."

Akanyamaza mpaka tukashuka. Akamlipa dereva, akahesabu chenji polepole, mara mbili. Kisha akauliza, "Utarudi?"

Kwa Kiitaliano ningeweza kuchagua. Tornerò, nitarudi. Tornerei, ningerudi, kama mambo yangekuwa mengine. Miishio yote miwili naijua, na yote miwili ingekuwa njia ya kumkwepa.

"Sijui, mama."

"Haya," akasema. "Hiyo nusu utanipa kesho asubuhi."

Akatangulia mbele, nami nikambebea mkoba.