Yatima Katika Kiini

Linux, kiini cha mfumo endeshi alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, ina faili moja liitwalo MAINTAINERS. Humo huorodheshwa sehemu za msimbo, majina ya wanaozitunza na hali ya kila moja. Sehemu isiyo na mtunzaji hupewa neno ambalo kwa Kiswahili ni yatima.

Mayatima wengi ni viendeshi. Kiendeshi (wengine husema draiva, mimi silipendi) ni programu inayokiwezesha kiini kusemezana na kifaa, kama vile kadi ya mtandao au kamera. Mwaka 2019 yatima alikuwa kiendeshi cha disketi: mtunzaji wake hakuwa tena na mashine nzima ya kukijaribia, na Torvalds mwenyewe akaandika neno hilo. Hakikufutwa. Kiliachwa kingoje mlezi, naye akapatikana.

Mshairi atauliza: maneno yasiyoguswa yaharibikaje? Utendi wa Tambuka uliandikwa mwaka 1728 na bado unasomeka. Msimbo hauna bahati hiyo. Ndani ya kiini hakuna ahadi kwamba kilichopo leo kitabaki kilivyo. Mtu akibadili namna sehemu moja inavyoitwa na nyingine, hana budi kurekebisha viendeshi vyote vinavyoitegemea, hata vile ambavyo vifaa vyake hajapata kuviona. Kompaila itaridhika. Kama kifaa chenyewe kitaitika, hilo hujulikana kwa aliye nacho mezani.

Mimi nimo katika orodha hiyo, kwa kiendeshi kimoja kidogo cha kadi ya mtandao isiyouzwa tena. Rekebisho likipita humo, huwasha kompyuta yangu kuukuu, nikalijaribu, kisha nikaongeza chini ya maelezo mstari usemao kwamba limejaribiwa, pamoja na jina langu. Watunzi wa tenzi nao walijitaja katika beti za mwisho. Wao walijitaja kwa kuwa wametunga. Mimi kwa kuwa nimeona kadi ikijibu. Kati ya kutunga na kutunza pana tofauti ya sauti moja tu, na sidhani kama kuna kazi iliyo ndogo kati ya hizo mbili.

Siku hizi kadi hiyo hupotea kila kompyuta ikipata joto. Natafuta nyingine kwa wauza vifaa vya mtumba. Nikiikosa, nitatuma rekebisho la mstari mmoja: nitaliondoa jina langu, niandike yatima.