Batri moja kwa watu saba

Mwanzoni mwa mwaka 2024, katika shitingi moja ya kambi ya Bulengo, upande wa magharibi wa mji wa Goma, watu saba walikuwa wanatumia simu moja. Si ile kubwa ya kugusa kioo. Ni simu ndogo ya tochi, namba zake zimefutika kwa vidole, na redio yake inashika tu ukiingiza nyuzi za masikio, maana nyuzi hizo ndizo antena. Batri imezeeka na kuvimba kidogo. Ikijaa vizuri haimalizi siku mbili. Kuishariji ilikuwa franka 500 kwa kijana mwenye paneli ya jua kando ya barabara, na kwa pesa hiyo mama wa nyumba angepata chumvi na fungu la sombe. Kwa hiyo mama ndiye anayeifunga simu katika pembe ya kitenge chake, na anayeitaka anapita kwake.

Kila mtu ana sababu yake. Baba anataka habari, asubuhi na jioni. Walitoka Masisi mwaka 2023 na tangu siku hiyo anasikiliza majina ya vijiji: wapi kumepigwa, barabara gani imefungwa, nani amerudi kulima. Kijana wa miaka 15 anataka mpira. Dada yake mkubwa, ambaye wadogo wanamwita yaya, yuko mwaka wa sita wa sekondari. Anangoja mtihani wa serikali na anataka tochi. Watoto wawili wadogo wanataka kubonyeza tu. Na tate, mama mzazi wa baba, hataki kitu katika simu, ila anataka kujua wengine wanaitumia kufanya nini.

Kitabu hakina batri, watu husema hivyo kama sifa. Ni kweli mchana. Lakini mchana msichana anatoka shuleni, anachota maji, anatafuta kuni, na saa kumi na mbili jua linaingia nyuma ya vilima. Ndani ya shitingi giza linafika mbele ya lile la nje. Hapo kitabu kinakula batri kama redio, tena zaidi, kwa sababu tochi ya simu haina huruma. Siku ya kukimbia aliweka daftari zake na kitabu kimoja cha historia ndani ya begi, akaacha sufuria kubwa. Mama hajaisahau ile sufuria. Anaitaja karibu kila siku ya kupika maharagi.

Tate ndiye aliyeweka sheria kwamba mwanga wa mtu moja ni uchoyo. Ukiwasha tochi kusoma, soma kwa sauti. Basi msichana anasoma somo la historia kwa Kifaransa, sentensi kwa sentensi, na kuligeuza Kiswahili. Lilipofika somo la tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, tate alimkatiza. Kwao siku ile, alisema, watu hawakuona uhuru wowote, waliona tu msimamizi wa shamba la kahawa amekunywa pombe mchana. Yeye alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Msichana akaandika hilo pembeni mwa daftari kwa penseli. Mwalimu hakuliuliza katika mtihani, lakini daftari nzuri inahitaji maneno ya namna hiyo.

Sasa mpira. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2024 Kombe la Afrika lilikuwa Côte d'Ivoire, na Leopards walianza vibaya kidogo, sare juu ya sare. Siku ya Mungu tarehe 28 walikutana na Misri. Mechi ilianza saa nne za usiku kwa saa ya Goma. Kijana aliomba simu kwa mama, akalala nayo chini ya blanketi, uzi moja sikioni. Ilikuwa 1 kwa 1, dakika za nyongeza zikapita, penalti zikaanza, saa sita za usiku zikapita pia. Golikipa wa Misri alipiga mlingoti wa juu. Kisha golikipa wa Kongo, Lionel Mpasi, akaja kupiga yeye mwenyewe, akafunga. Ilikuwa 8 kwa 7.

Kambi nzima ikapiga kelele mara moja.

Anayeishi katika nyumba ya matofali hawezi kuelewa vizuri kelele hiyo. Kwa watu waliokimbia usiku, kelele ya usiku ina maana moja tu. Mama aliamka, akafunga mtoto mgongoni, akashika begi la karatasi za familia na alikuwa tayari amefungua mlango wa shitingi wakati kijana alipomshika mkono: «Mama, ni mpira. Tumeshinda.» Mama alikaa chini juu ya mawe ya volkano nje. Miguu ilikataa. Hakumpiga mtoto wake, hakumtukana. Alibaki amekaa mpaka mtoto wa mgongoni akalala tena.

Asubuhi baba alikataza mpira wa usiku. Alikuwa na sababu mbili, na ya batri ndiyo aliyoisema kwa sauti. Kwa hiyo siku ya tano tarehe 2 ya mwezi wa pili, Kongo ilipoifunga Guinée 3 kwa 1, kijana alihesabu mabao kwa kelele za majirani, kama mtu anayehesabu mvua juu ya bati.

Wiki iliyofuata vita vilisogea Sake, kilomita 25 hivi kutoka Goma. Barabara ilijaa: watu kwa miguu, magodoro juu ya chukudu, mbuzi, wagonjwa juu ya motari. Mdogo wake mama alikuwa anaishi Sake na watoto wanne. Siku ya tatu tarehe 7, saa za mchana, alipiga simu. Alisema, «Yaya, tunatoka,» kisha simu ikakatika. Mama alijaribu mara sita. Batri ikabaki na kijiti kimoja.

Siku hiyohiyo, saa nne za usiku, Leopards walikuwa wanacheza nusu fainali na Côte d'Ivoire mjini Abidjan. Na kesho yake msichana alikuwa na mtihani wa historia.

Baraza la jioni lilikuwa fupi. Kijana hakuomba kitu, aliangalia tu kitenge cha mama. Msichana alisema atasoma kwenye mwanga wa moto mpaka kuni ziishe. Baba aliacha habari zake za jioni, na hiyo haikuwa imetokea hata siku moja tangu Masisi. Simu iliwekwa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mahali pekee ambapo mtandao hauyumbi, na hakuna aliyeigusa.

Tate akaanza kueleza mambo ya mwaka 1974, wakati timu ya Zaïre ilipokwenda Kombe la Dunia Ujerumani. Mume wake alikuwa na redio ya mawe. Mawe yalipochoka, aliyaanika juani siku nzima juu ya jani la ndizi ili yapate nguvu kidogo ya jioni, na wanaume wa mtaa mzima walikuja kukaa uani. «Walipigwa tisa na Yugoslavia,» tate alisema, «na mawe yangu yakaisha.» Kisha akamgeukia baba: «Mpeleke mtoto kwa mwenye redio.» Baba alimjibu kwamba amekataza. Tate alimwambia kwamba amesikia, na kwamba usiku huu simu inangojewa na mama peke yake, wanaume wawili wa kuangalia ndoo hawatamsaidia.

Basi walikwenda, baba na kijana, shitingi ya nne kutoka kwao, kwa mzee mmoja mwenye redio ndogo. Watu walikuwa ishirini ama zaidi, wengi nje. Wimbo wa taifa ulisikika, watu wakaimba na kuongea juu yake, kisha mpira. Dakika ya 65 Sébastien Haller aliifungia Côte d'Ivoire. Ikaisha 1 kwa 0. Waliporudi, mama alikuwa bado amekaa kando ya ndoo. Simu haikulia.

Kesho yake baba alipeleka simu kushariji, na hapo ndipo alipoiona picha. Kijana wa paneli alikuwa nayo katika simu yake kubwa: wachezaji wa Kongo wamepangana wakati wa wimbo wa taifa, kila mmoja mkono wa kulia umefunika kinywa, mkono wa kushoto vidole viwili kwenye panda la uso kama bunduki. Walifanya hivyo kwa ajili ya mauaji ya mashariki ambayo dunia inayanyamazia. Baba aliomba kuiona tena. Kijana akampa simu yote mkononi, akaendelea na wateja wengine. Baba alisimama nayo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuangalia picha moja.

Nyumbani hakuwa na picha, kwa sababu simu yao haishiki picha. Akasimama mbele ya tate akafanya kwa mikono yake mwenyewe. Tate aliangalia. «Na jana usiku mlikuwa mnasikiliza?» Ndiyo. «Hamkusikia?» Baba alieleza kwamba ni kitu cha macho. Tate alifikiri, kisha akasema kwamba mtu akifunga kinywa, redio itasema nini? Watu wa redio wanaweza kulibeba swali hilo nyumbani kwao.

Mdogo wa mama alifika siku ya tano, tarehe 9, na watoto wote wanne, na godoro moja lililolowa. Simu yake ilikuwa imekufa tangu siku ya tatu. Si kwa kuongea. Katika msongamano wa barabara, giza lilipoingia, mtoto wake wa miaka tisa alipotea, na batri yote iliyobaki iliishia katika tochi, kumtafuta. Alimkuta amekaa chini ya lori lililosimama. Kisha hapakuwa na nguvu ya kupiga simu kusema kwamba amempata.

Sasa walikuwa watu kumi na wawili, simu mbili, na kijana wa paneli alidai franka 1000. Msichana alipata 14 juu ya 20. Mtoto wa miaka tisa hakuongea sana na alikuwa analala amevaa viatu.

Siku ya posho tarehe 10 Leopards walikuwa na mechi ya nafasi ya tatu na Afrika Kusini, tena saa nne za usiku. Baba mwenyewe alitoa nyuzi za masikio kumpa kijana, lakini kwa kazi moja kwanza. Saa mbili kijana alianza kupita shitingi kwa shitingi, ng'ambo hii na ng'ambo ile ya njia, hasa kwa wale waliofika kutoka Sake wiki hiyo, akiwaambia wamama: leo kuna mpira, mkisikia kelele msifunge mizigo.

Ilikuwa 0 kwa 0, na Kongo ikapoteza kwa penalti, 6 kwa 5. Kelele hazikuwa nyingi.