Trauti wa kijito, magogo na kalvati

Mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya somo la hifadhidata mtanisamehe, leo ni habari ya samaki. Lakini msikimbie, tarakilishi imo ndani yake.

Mwaka jana nilipata kibarua cha mtandaoni: kusafisha data ya vipimajoto vilivyolazwa ndani ya vijito vya milimani, kaskazini mashariki mwa Marekani. Kipimajoto huandika joto la maji kila baada ya dakika 15, usiku na mchana, msimu mzima wa kiangazi. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu ya kutambua vipimo vya uongo na kuviondoa. (Nyuzi zote zilikuwa za Fahrenheit. Sisemi kitu.) Kipimajoto kikiwa majini, joto hupanda na kushuka polepole. Kikibaki hewani, mstari wa grafu huanza kurukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa: mchana juu sana, usiku chini sana. Ni rahisi kuandika programu ya kufuta sehemu hiyo. Lakini kwa nini kipimajoto kiko hewani? Mara nyingi ni kwa sababu kijito kimekauka, na kwa wenye data hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote. Basi badala ya kufuta nikaweka alama ya "kavu", kisha nikaanza kusoma kuhusu huyu samaki anayewanyima watu usingizi.

Anaitwa trauti wa kijito, Salvelinus fontinalis kwa jina la kisayansi. Ni samaki wa asili wa mashariki ya Amerika Kaskazini, kuanzia milima ya Georgia hadi Kanada. Anataka maji baridi na safi. Yakipita nyuzi 20 hivi za Selsiasi huanza kutaabika. Mwezi wa Oktoba na Novemba jike huchimba shimo kwenye changarawe na kutaga, na mayai hukaa humo chini ya barafu hadi majira ya kuchipua. Tope likiingia kati ya mawe, mayai hukosa hewa. Mwaka 2006 muungano wa mashirika yanayomshughulikia ulitoa tathmini ya majimbo 17, Maine hadi Georgia: ni asilimia 5 tu ya mabonde madogo yaliyopimwa ambako bado alikuwa amejaa karibu makazi yake yote ya zamani.

Nani alimfukuza? Wakata mbao, mashamba, barabara, na samaki wageni waliomwagwa mitoni. Mfano ninaoupenda ni Nash Stream, kaskazini mwa jimbo la New Hampshire. Huko juu kulikuwa na bwawa lililojengwa kwa ajili ya kusukuma magogo mtoni kuelekea viwandani. Mei 1969 bwawa lilipasuka. Maji yakakwangua bonde lote, yakaondoa mawe makubwa, miti ya ukingoni, vidimbwi, kila kitu. Baadaye zikaja tingatinga kuunyoosha mto. Ukabaki kama mtaro wa barabarani: mpana, wenye kina kifupi, na jua linaupiga moja kwa moja.

Tangu miaka ya 2000 serikali ya jimbo na chama cha Trout Unlimited wamekuwa wakiurudishia fujo yake. Natumia neno fujo kwa makusudi. Wanarudisha mawe makubwa, wanaangusha miti mtoni makusudi, kisha wanaiacha ilale inavyotaka. Gogo likilala, maji huchimba kidimbwi chini yake, changarawe hukusanyika nyuma yake, majani yaliyonaswa yanaliwa na wadudu, na wadudu wanaliwa na samaki. Sisi tuliosomea sayansi ya tarakilishi tumefundishwa kupenda kilichonyooka na kilichopangwa, kwa hiyo nilisoma sehemu hii mara mbili.

Halafu kuna kalvati. Bomba jembamba likiwekwa chini ya barabara, maji hupita kwa kasi na kuchimba shimo upande wa kutokea. Baada ya miaka mdomo wa bomba unaning'inia juu ya maji. Samaki wa sentimita 15 hawezi kuruka na kuingia. Wakati wa joto anahitaji kupanda kwenye vijito vya juu vyenye maji ya chemchemi, naye amefungiwa nje. Dawa yake ni daraja dogo, au tao pana lisilo na sakafu, kijito kipite chini na mawe yake yenyewe. Ni ghali. Lakini kimbunga Irene kilipopiga Vermont Agosti 2011, barabara nyingi zilisombwa palipokuwa na kalvati nyembamba, kwa hiyo hata asiyejali samaki ana sababu ya kusikiliza.

Ukidhani sasa sheria ni kuondoa kila kizuizi, nenda kusini. Katika Hifadhi ya Great Smoky Mountains, wageni waliomsumbua ni trauti wa upinde wa mvua. Kwenye kijito cha Lynn Camp Prong, kuanzia 2008, hifadhi ilitumia dawa ya kuua samaki, ikawaondoa wageni, kisha ikawaleta trauti wa kijito kutoka vijito vingine vya humo humo. Kinachowalinda ni maporomoko ya maji ambayo mgeni hawezi kuyapanda. Yaani huko kizuizi ndicho mlinzi wa lango. Uvuvi ulifunguliwa tena 2015.

Na mwaka huo huo, magharibi, kwenye kijito cha Soda Butte karibu na Yellowstone, waliotiliwa dawa walikuwa trauti wa kijito wenyewe! Kule yeye ndiye mgeni, alipelekwa na watu, na anamsukuma trauti wa huko mwenye michirizi myekundu chini ya taya. Samaki mmoja, nchi moja, huku anajengewa madaraja na kule anatiliwa sumu. Mimi naona wote wako sawa.

Mimi ni mtu wa Nyeri, na trauti wetu pia ni wageni. Wa kahawia waliletwa na walowezi mwaka 1905 wakatiwa mto Gura, na wa upinde wa mvua wakafuata. Nilimweleza mjomba wangu, anayefuga trauti kwenye vidimbwi vyake na kusomesha watoto kwa pesa hizo. Akasema, "Mimi nilizaliwa nikamkuta. Basi ni wetu." Nikamwambia watu wa Montana nao walizaliwa wakamkuta trauti wa kijito. Akanitazama kidogo, akachukua ndoo ya chakula, akaenda kulisha samaki wake.