Uchovu Baada ya Chakula Si Uvivu

Ndugu msomaji, je, yuko mtu nyumbani mwako ambaye kila amalizapo kula hulemewa na usingizi, kiu haimwishi, na usiku huamka mara nyingi kwenda haja ndogo? Usimwite mvivu. Mimi niliitwa hivyo muda mrefu, hata na watu wa nyumbani, mpaka mganga wa hospitali aliponipima damu akaona kisukari.

Sababu yake ni hii. Ugali, wali na chai tamu hugeuka kuwa sukari katika damu. Kwa mgonjwa, insulini haitoshi au haifanyi kazi sawasawa. Basi sukari hubaki humo, na viungo vyakosa nguvu, kama mwenye ghala lililojaa asiye na ufunguo. Figo nazo huitoa pamoja na maji, na mwili hukauka.

Siku hizi naanza na mchicha na maharage, kisha ugali kiasi cha ngumi yangu. Chai nanywa bila sukari. Nikiisha kula silali. Natembea dakika 15 hivi. Dawa siziachi.

Lakini angalia: mwenye kutumia dawa za kisukari akitetemeka na kutoka jasho, huenda sukari imeshuka mno. Huyo usimtembeze; kama aweza kumeza, mpe maji ya sukari upesi.

Leo jembe nalishika hata baada ya chakula cha mchana. Basi, ndugu, mchovu apimwe kwanza, lawama zingoje.